Kitovu

Fundi wa Njiro akiletewa rimu za kale za spoki azifunge kwenye ekseli ya kisasa, hutazama kwanza kitovu, ambacho gereji nyingi hukiita habu. Kitovu ni neno zuri, lisipotee: spoki zote huanzia hapo, na uzito wa gari hupitia hapo.

Stadi, yaani boliti za kitovu zinazoshika rimu, nazo zina ukaidi wake. Land Rover za Series zina 5 kwenye duara la milimita 165.1, Land Cruiser nyingi za zamani zina 6 kwenye milimita 139.7. Rimu zake hazibadilishani.

Rimu za spoki za Jaguar E-Type hazifungwi kwa stadi kabisa. Huvaa meno ya kitovu, kisha nati moja kubwa huzibana katikati. Ekseli ya stadi itahitaji adapta yenye meno hayohayo.