Ingawa na Lakini: Asili ya Kosa Moja la Kiingereza Mkoani Mara

Mwanafunzi wa Musoma au Bunda aandikapo kwa Kiingereza "Although he is old, but he works", mwalimu hukata neno moja kwa wino mwekundu. Kukata ni haki. Lakini sababu isipoelezwa, mtoto hubaki akidhani ya kuwa kosa ni la akili yake. Historia ya Kiswahili yaonyesha vingine.

Kiswahili cha kale kilitia maana hiyo ndani ya kitenzi chenyewe: "ajapokuja", "angawa mzee". Kutokana na kiambishi -nga- na shina -wa likapatikana "ingawa", ambalo leo limeganda, halifuati nafsi tena. "Lakini" na "bali" yametoka katika Kiarabu. Basi katika "Ingawa ni mzee, lakini anafanya kazi", neno la kwanza lakiri jambo, na la pili lageuza mkondo. Msemaji haoni ziada yoyote hapo.

Kiingereza hupanga vingine. "Although" huweka fungu moja la maneno chini ya jingine. "But" huunga mafungu mawili yaliyo sawa. Fungu lile lile haliwezi kuwa chini na kuwa sawa kwa wakati mmoja. Hata hivyo jozi si ngeni kwa Waingereza: katika Biblia yao ya 1611 "though" hujibiwa na "yet".

Ugumu huu aliupitia mwana wa Butiama, Julius Nyerere, aliyezaliwa 1922. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Mwaka 1934 akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1952 akahitimu Edinburgh. Alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha 1969. Katika hotuba ya Antony, "but" hurudiwa hata sifa za Brutus zikageuka shutuma. Hapo mfasiri hana budi kuchagua: "lakini" hupinga linalotarajiwa, "bali" husahihisha lililokanushwa, "ila" hutoa moja katika mengi. Kiingereza huweza kuyabeba yote matatu kwa "but".

Mtoto asemaye Kizanaki, Kijita au Kiikizu nyumbani hufika kwenye Kiingereza kwa kupitia Kiswahili. Mwalimu amwonyeshe kwanza kazi ya "ingawa" na ya "lakini", ndipo amwambie ya kuwa Kiingereza huridhika na moja. Hapo atakuwa amejifunza kanuni ya lugha mbili, wala hataionea haya ile aliyotoka nayo.