Kila Mstari Kwenye Menyu Ile Una Kisa Chake

Kazi yangu ni kufunga seva hapa Dar es Salaam, na vijana ninaofanya nao kazi huuliza kila tunapofungua mashine mpya: mbona nakaa sana kwenye menyu ya mwanzo, kabla hata mfumo endeshi haujawekwa? Huwajibu kwa historia. Mipangilio ya usalama iliyomo humo iliwekwa kwa sababu kuna watu waliumia, mahali fulani, mwaka fulani.

IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo Agosti 1981, programu ya kuiamsha, yaani BIOS, ilikuwa ndani ya chipu ya ROM isiyoandikika upya. Hakuna aliyewaza kuilinda. IBM hata ilichapisha msimbo wake katika kitabu cha mafundi. Ukitaka kuibadilisha, ulifungua kasha ukang'oa chipu. Mwaka 1984 modeli ya AT ikaja na kumbukumbu ndogo ya CMOS iliyotunzwa na betri, ili mipangilio isipotee umeme ukizimwa. Nenosiri la kuwashia mashine likaja kuhifadhiwa humo humo, na fundi yeyote wa Kariakoo anajua kuliondoa kwenye kompyuta za zamani: unatoa betri, unasubiri kidogo, unairudisha. Ulinzi ule ulimzuia mtoto asiguse kompyuta ya baba yake. Mwenye bisibisi haukumzuia kamwe.

Kisha ukaja urahisi. Fujio Masuoka wa Toshiba alikuwa ameshavumbua kumbukumbu ya flashi, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wa bodi wakaitumia ili kasoro za BIOS zirekebishwe kwa programu tu. Ulikuwa uamuzi mzuri, ila chipu anayoweza kuiandika mwenye mashine, na mgeni anaweza kuiandika.

Mgeni wa kwanza kujulikana alitoka Taiwan. Mwaka 1998 Chen Ing-hau, mwanafunzi wa chuo cha Tatung, aliandika kirusi kilichoitwa CIH, kwa herufi za jina lake. Kilijificha ndani ya mafaili ya Windows 95 na 98, kikasambaa kimya kimya. Hata baadhi ya kompyuta za IBM Aptiva zilitoka kiwandani Machi 1999 zikiwa nacho. Tarehe 26 Aprili 1999 kikalipuka. Kilifuta mwanzo wa diski, kisha, kwenye bodi ambazo chipu yake ilikubali, kikaandika takataka juu ya BIOS yenyewe. Mwenye kompyuta alibonyeza swichi, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Kuweka Windows upya hakukusaidia, kwa sababu mashine haikujua tena hata kusoma diski. Watu walibadilisha chipu, au bodi nzima. Korea Kusini na Uturuki ziliumia sana. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa mwongozo uliotaka kila sasisho la BIOS lithibitishwe kwa saini, ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi tangu siku ile. Naona tulichelewa mno.

Mwaka ule ule wa 1998 Intel, HP, NEC na Dell walitangaza IPMI, utaratibu wa kusimamia seva ukiwa mbali. Hapa ndipo ninapowashika vijana wangu mkono. Ndani ya seva yenye IPMI kuna kompyuta nyingine ndogo, BMC, yenye prosesa yake na mara nyingi tundu lake la mtandao. Inaishi hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Anayeishika anaweza kuwasha seva, kuizima, hata kuiwekea mfumo mwingine. Ni kama kumpa mtu funguo za nyumba pamoja na hati ya kiwanja. Na bado kwa miaka mingi seva za Dell zilitoka kiwandani na jina root na nenosiri calvin, jambo ambalo dunia nzima inalijua. Mwaka 2013 mtafiti wa usalama Dan Farmer alieleza jinsi IPMI 2.0 inavyomkabidhi yeyote anayeuliza alama ya nenosiri iliyofumbwa (hash), akaivunje kwa nafasi yake. Kwenye iLO 4, BMC ya HP, kabla ya marekebisho ya 2017, kuandika herufi A mara 29 mahali sahihi kulitosha kuruka uthibitisho wote. Nimefungua seva za mtumba kutoka Ulaya nikakuta BMC bado ina mipangilio ya mmiliki wa zamani, na mnunuzi alikuwa anaitumia hivyo hivyo.

Secure Boot, yaani ukaguzi wa saini za programu mashine inapowaka, iliingia katika UEFI, mrithi wa BIOS, mwaka 2011, ikaenea na Windows 8 mwaka 2012. Watu wa Linux walihofia kufungiwa nje, hadi Matthew Garrett alipoandika shim, programu ndogo yenye saini ya Microsoft inayowafungulia njia. Wengine waliona afadhali kuizima, na miongozo inayoanza kwa ushauri huo bado ipo. Siukubali. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ESET ilieleza LoJax, programu haribifu iliyokaa ndani ya chipu na kubaki hata diski ikibadilishwa. Mwaka 2024 watafiti wa Binarly wakagundua mamia ya modeli zilizouzwa na ufunguo mkuu wa Secure Boot wa majaribio, ambao cheti chake kimeandikwa wazi kwamba usiaminiwe.

Fundi mwenzangu, badilisha nenosiri la BMC na uitenge kwenye mtandao wake. Weka nenosiri la menyu. Kagua ufunguo mkuu ni wa nani. Vyeti vya Secure Boot vya Microsoft vya 2011 vinaanza kufikia kikomo Juni 2026, kwa hiyo hakikisha vipya vimeingia. Yafanye haya kabla seva haijapanda kwenye raki. Ikishaanza kuhudumia wateja, hakuna atakayekuruhusu kuizima.