Reli ya Uhuru na magunia ya Mang'ula

Ukiitaja TAZARA mjini, wengi huwakumbuka Nyerere, Kaunda na Mao. Mimi huikumbuka Mang'ula.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kutoka Zambia kuja Dar haitalipa. Mwaka uliofuata Ian Smith akajitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kufika baharini. China ikakubali kujenga kwa mkopo usio na riba. Mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa.

Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, ilikuwa moja ya kambi kuu za ujenzi. Wachina walipoondoka, karakana zao zikawa kiwanda cha zana na mashine. Kijiji cha wakulima kikawa na mafundi mitambo!

Lakini hapa ndipo ninapotaka tutulie. Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba, wakulima wa Kilombero wakaifanya yao. Miaka ile barabara ya kwenda Ifakara ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika. Treni ya kipisi, kama wenyewe walivyoiita, ikawa inasimama vituo vidogo kupakia mchele, ndizi na akina mama wachuuzi. Gunia lililopandia bondeni lilishuka Makambako kwenye baridi, ambako mpunga haustawi.

Reli iliundwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka, na haijawahi kuzifikia. Ndiyo maana tunaambiwa imeshindwa. Sawa, kwa tani imeshindwa. Ila mama aliyesomesha watoto kwa mikungu ya ndizi ya kwenye kipisi, yeye tumhesabu wapi?

Nauliza kwa sababu Septemba 2025, mjini Lusaka, ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa dola bilioni 1.4, kuifufua reli hii. Nimefurahi, sifichi. Lakini mwekezaji anatafuta kurudisha pesa yake, na pesa iko kwenye shaba. Treni ya shaba haina sababu ya kusimama Mang'ula.

Sababu hiyo lazima tuiweke sisi, kwa maandishi, pamoja na ratiba yake. Mwaka 1967 hatukukubali faida peke yake ituamulie. Tusianze leo.