Boma Lisilopauliwa: Gharama ya Nyumba Njombe na Makambako

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 iliambatana na kazi ambayo Tanzania haikuwahi kuifanya kabla: kuhesabu majengo. Nchi nzima ilikutwa na majengo 14,348,372, na kati ya hayo 13,907,951 yako Bara. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ulihesabiwa watu 889,946. Makarani waliuliza mambo yaliyozoeleka: paa limeezekwa kwa nini, kuta ni za nini, sakafu je, choo ni cha aina gani, chakula kinapikiwa nini, nyumba ni ya wenyewe au ya kupanga.

Majibu ya maswali hayo ndiyo hutumika kuamua nani anaishi katika nyumba bora. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa miji kama Njombe na Makambako, majibu hayo yanaonyesha kile ambacho kaya imekwisha kukilimbikiza, lakini yanaficha gharama ya kukilimbikiza. Bati na tofali huonekana. Miaka ya kujinyima haina safu yake kwenye dodoso.

Miji hii miwili imetenganishwa na kilomita zipatazo 60 za lami, na kila mmoja umekua kwa namna yake. Makambako ni mtoto wa njia. Hapo barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inaachana na ile ya Songea, iliyotiwa lami miaka ya 1980, na hapo pia pana stesheni ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni mji wa utawala, chai, viazi mviringo, maparachichi na misitu. Kilimo cha miti cha kibiashara kilipata msukumo mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya miwati ya Tanganyika. Baadaye misonobari na mikaratusi ikasambaa hadi kwenye mashamba ya wanakijiji wa kawaida, na leo mbao za Njombe zinapaua nyumba za Dar es Salaam.

Utajiri huo wa miti na udongo ndio unaoeleza sura ya nyumba za huku. Tofali za kuchoma hufyatuliwa bondeni na kuchomwa kwenye tanuri kwa kuni na mabanzi yanayobaki viwanda vya mbao vikishapasua magogo. Mbao za kenchi ziko jirani. Lakini saruji hutoka mbali: kiwanda cha karibu kiko Songwe, nje ya Mbeya, na Mbeya yenyewe iko kiasi cha kilomita 170 kutoka Makambako. Bati, nondo, vioo na nyaya za umeme navyo hufika kwa lori. Kwa hiyo kuta husimama mapema, kazi ikakwama pale panapotakiwa fedha taslimu nyingi kwa mkupuo: kwenye lenta, kwenye kupaua, kwenye plasta. Matokeo yake ni maboma, kuta tupu zisizo na paa, ambazo huweza kukaa misimu kadhaa zikinyeshewa huku mwenye nyumba akisubiri mavuno.

Kwa nini asikope? Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na kampuni ya kuzikopesha benki mitaji ya mikopo hiyo, TMRC, ikaundwa mwaka 2010. Hata hivyo mikopo ya nyumba nchini imebaki chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Benki inataka hati ya kiwanja na mshahara unaoingia kila mwezi. Mkulima wa viazi ana kipato kinachokuja kwa msimu, na kiwanja chake mara nyingi kina karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri na serikali ya mtaa, basi. Benki yake ni shamba la miti. Akiuza viazi anajenga msingi. Akivuna miti ananunua bati. Na shida ikimbana anaiuza miti hiyo kabla haijakomaa, kwa bei ya kutupa.

Hapa ndipo takwimu zinapojikwaa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya Watanzania Bara wako chini yake. Kipimo hicho ni cha matumizi: chakula, mavazi, nishati, matibabu, shule. Tofali na mifuko ya saruji haimo, kwa kuwa katika uhasibu wa kitaifa kujenga nyumba ni uwekezaji. Kaya inayobana chakula ili ipaue itaonekana maskini upande wa matumizi, na mwaka unaofuata itaonekana imeendelea upande wa makazi. Ni watu wale wale, na ni shilingi ile ile iliyohama kutoka sahani kwenda dari.

Si dhana ya kupuuzwa katika mkoa huu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano Njombe wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Iringa jirani ilikuwa na asilimia 56.9. Hii ni mikoa inayolisha wengine, na udumavu una sababu nyingi: mzigo wa kazi kwa akina mama, namna ya kulisha watoto wachanga, magonjwa, maji na usafi. Haitakuwa haki kuutupia ujenzi lawama hiyo bila ushahidi. Lakini ushahidi hautapatikana ikiwa tafiti zinazopima lishe haziulizi kaya ilitumia kiasi gani kwenye boma mwaka huo.

Wapo watakaosema bati ni bati: halivuji kama nyasi, haliungui kwa cheche, na maji ya mvua yanakingwa. Ni kweli, na hakuna anayetamani kurudi kwenye nyasi. Hata hivyo ubora wa paa hutegemea mahali. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Njombe hushuka chini ya nyuzi joto 10. Bati lisilo na dari hupitisha joto lote la nyumba, na alfajiri huweza kudondosha matone ya umande wa ndani juu ya vitanda. Dari, kwa mpangilio wa kujenga kidogo kidogo, huja mwisho, baada ya plasta na madirisha. Nyumba inaweza kupita vigezo vyote vya dodoso na bado ikawa na baridi isiyolalika.

Baridi hiyo hulipiwa kwa mkaa. Jiko linaloivisha ugali jioni ndilo linalosogezwa chumbani kuota moto, na hewa ya kaboni monoksidi katika chumba kilichofungwa huua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila kwa Njombe linaacha nusu ya swali: mtungi wa gesi utapika, lakini nani atapasha chumba? Kaya inaweza kununua gesi na bado ikaendelea kununua mkaa, na mtafiti anayeuliza kuhusu kupikia pekee hatauona mkaa huo.

Mpangaji wa Makambako ana hesabu nyingine. Dereva, mwalimu aliyehamishiwa, muuza nguo za mtumba na kibarua wa mbao wanatafuta chumba kimoja, au chumba na sebule, choo kikiwa cha kuchangia uani. Kodi ya mwezi inaweza kuwa nafuu. Kinachoumiza ni kulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mara moja. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo masharti hupangwa na mwenye nyumba na dalali. Tuseme chumba ni shilingi 30,000: miezi sita ni 180,000, fedha ambayo kwa mchuuzi ndiyo mtaji wenyewe. Takwimu ya kodi ya mwezi, hata ikiwa sahihi, haisemi chochote kuhusu uzito wa malipo hayo siku yanapodaiwa.

Juu ya hapo ipo kodi ya majengo. Tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia Julai 2023. Kisheria ni deni la mwenye nyumba. Kwa vitendo hukatwa kwa yule anayenunua umeme, naye mara nyingi ni mpangaji.

Marekebisho yanayohitajika hayadai dodoso jipya zima. Kwa kaya zinazomiliki nyumba yaongezwe maswali matatu: kama kaya ina jengo lingine ambalo halijakamilika na limefikia hatua gani, ilitumia kiasi gani kwa ujenzi miezi 12 iliyopita, na kama chumba cha kulala kina dari na kinapashwa joto kwa nini. Kwa wapangaji yatosha mawili: walilipa miezi mingapi kwa mkupuo, na nani hulipa kodi ya majengo. Kwa majibu hayo, halmashauri za miji ya Njombe na Makambako, pamoja na SACCOS za wakulima, zingejua kama mkopo mdogo wa msimu una faida zaidi kwenye bati au kwenye dari, na kama kulipa kodi ya chumba kila mwezi kungemwachia mchuuzi mtaji wake. Sensa ijayo inatarajiwa 2032, lakini utafiti wa mapato na matumizi hufanyika kati ya sensa na sensa, na maswali hayo yanaweza kuanzia humo.