Mwanga na Mwangwi

Kidole kikiteleza kwenye kibodi, mwanga hugeuka mwangwi. Nimelisahihisha kosa hilo miaka mingi, mpaka nilipofika kwenye aurora, ule mwanga wa kijani unaocheza angani usiku karibu na ncha za dunia, ambako maneno yote mawili yanadai haki.

Mwanga una matata yake. Wingi wake ni mianga. Ukisema wanga, umeshawaita wale wanaocheza usiku uchi. Jina aurora nalo ni la mungu wa kike wa alfajiri wa Warumi. Waarabu wamechagua shafaki ya ncha ya dunia, neno lilelile la wekundu unaosubiriwa utoweke ndipo isha iingie. Mimi nabaki na aurora. Nikiandika mapambazuko, msomaji atangoja jua.

Mwangwi ndio mgumu zaidi. Ukipiga ukelele kisimani, sauti hugonga ukuta ikarudi. Kwa hiyo mtu akisoma “mwangwi wa rada kutoka kwenye aurora”, atadhani mawimbi yamegonga ile rangi ya kijani. Wapi! Kule juu, kilometa 100 hivi, mkondo wa umeme unapopita, elektroni hujikunja kuwa viwimbi vinavyolala sambamba na mistari ya usumaku wa dunia. Rada ya megahezi 140 husikia vile tu vilivyopishana mita moja hivi, nusu ya urefu wa wimbi lake, tena sharti iikute mistari hiyo kwa pembe mraba. Na huko kaskazini mistari karibu imesimama wima. Ndiyo maana rada za utafiti wa aurora ziitwazo STARE ziliwekwa mbali kusini, Malvik nchini Norwei na Hankasalmi nchini Finlandi, zikaangalia kaskazini. Rada kama hiyo ukiielekeza utosini chini ya aurora, inakaa kimya. Isitoshe, mara nyingi mwangwi hutoka kando ya tao linalong'aa, kwa kuwa ndani ya tao uga wa umeme hufifia.

Wenye redio za ridhaa wa Uswidi na Ujerumani hugeuza antena kaskazini kumpata jirani aliye mashariki. Sauti hurudi imekwaruzika, kama mnong'ono wa mwenye mafua. Morse hupoteza mlio, ikabaki fyuuu, fyu, fyuuu. Ni kwa kuwa viwimbi vinakimbia mamia ya mita kwa sekunde, kila kimoja kwa kasi yake.

Mwangwi gani huu usiorudisha sauti uliyoutolea? Wengine wamehamia mtawanyo. Ni sahihi, ila neno hilo halina sikio. Mwangwi nimeuacha; nilichofuta ni “kutoka kwenye aurora”, nikaandika “wakati wa aurora”.