Alizeti ya Singida na Mashine Iliyomfuata Mkulima

Alizeti, mmea unaoyatia njano mashamba ya Mkoa wa Singida katika miezi ya mwisho ya masika, asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako wenyeji wa bara hilo walianza kuilima na kuteua mbegu zake zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, na huko ikakaa muda mrefu ikiwa ua la bustani, likipandwa kwa ajili ya kupendezesha nyumba.

Ni Urusi iliyolifanya ua hilo kuwa zao la mafuta. Masimulizi ya huko yanamtaja Daniil Bokarev, mtwana wa Alekseyevka, kuwa ndiye aliyekamua mafuta ya alizeti kwa kinu cha mkono mwaka 1829, na miaka michache baadaye kiwanda kikajengwa. Katika karne ya 20, mtaalamu wa mbegu Vasiliy Pustovoit, akifanya kazi mjini Krasnodar, aliteua mimea bora kizazi baada ya kizazi hadi kiasi cha mafuta, kilichokuwa kama theluthi moja ya uzito wa mbegu, kikakaribia nusu. Uteuzi wa namna hiyo ulizaa mbegu zenye ganda jembamba, sifa ambayo baadaye ilikuja kuwa na uzito mkubwa nchini Tanzania.

Jirani na Singida, alizeti ilijaribiwa kwa kishindo huko Kongwa, ambako mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikihangaishwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka pori kwa matrekta ili ipande karanga. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu mno wakati wa kiangazi, karanga hazikutoa mavuno yaliyotarajiwa, na alizeti iliyopandwa ili kuziba pengo hilo nayo ikapigwa na ukame. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Mmea haukustahili lawama, kwa kuwa uamuzi wa nini kipandwe, wapi na lini ulikuwa umepitishwa mbali na watu walioijua mvua ya nchi ile.

Singida nayo ina msimu mmoja tu wa mvua, na wakulima wake, wakiwamo Wanyaturu na Wanyiramba, wamezoea kuishi kwa mtama, uwele na mifugo. Alizeti, yenye mzizi mkuu unaozama chini kutafuta unyevu, ilifaa kuungana na mazao hayo. Hata hivyo, mkulima aliyevuna magunia machache hakuwa na pa kuyakamua, naye alilazimika kuyauza yakiwa mbegu, kisha akanunua mafuta ya kupikia kutoka kwingine.

Pengo hilo lilianza kuzibwa katikati ya miaka ya 1980, pale mhandisi wa Kimarekani Carl Bielenberg alipobuni nchini Tanzania mashine ya mkono ya kukamulia mafuta. Mtu mmoja hushika mpini mrefu wa chuma na kuupandisha na kuushusha, na mpini huo husukuma pistoni inayozishindilia mbegu ndani ya bomba lenye mianya myembamba; mafuta huchuruzika kupitia mianya hiyo, huku mashudu, yaani makapi makavu ya mbegu zilizokamuliwa, yakitokea upande wa mwisho. Mbegu za ganda nene hazikuifaa kwa sababu zilimchosha mkamuaji na kutoa mafuta kidogo, na hapo ndipo ganda jembamba la aina iitwayo Rekodi lilipoonyesha thamani yake. Mashine hiyo haikuhitaji umeme wala dizeli, iliweza kuwekwa uani, na mashudu yake yaliliwa na ng'ombe na kuku, jambo lisilo dogo katika mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji.

Matunzo ya alizeti ni yale yale shambani na uani. Mbegu hupandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kisha miche hupunguzwa ubaki mmoja kila shimo na palizi hufanywa mapema. Kinachoonekana kuwa ua moja ni mkusanyiko wa mamia ya maua madogo, ambayo nyuki huyachavusha, yaani huyahamishia chavua. Nyuki wakipungua, mbegu nyingi huwa mapepe. Mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa njano na kahawia, wakati wa kuvuna umewadia.

Baadaye zilienea mashine za injini na umeme, na viwanda vikubwa vikaingia, kikiwamo cha Mount Meru Millers. Mwaka 2021 Serikali iliiweka Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, katika mikoa ya kimkakati ya zao hili, wakati ambapo zaidi ya nusu ya mafuta ya kula nchini yalitoka nje. Bei ya mbegu iliposhuka vibaya mwaka 2023, wakulima waliyanyooshea kidole mafuta hayo ya nje, na suala la ushuru wake likawa mjadala mkali. Malalamiko hayo yalikuwa na haki, kwa maana mkulima aliyehimizwa kulima alizeti zaidi ndiye aliyebaki na magunia yasiyo na mnunuzi wa bei nzuri. Wengi wao bado hupanda Rekodi waliyoitunza kutoka mavuno yaliyopita, ingawa mbegu chotara, zinazopatikana kwa kuzalisha pamoja aina mbili tofauti, huzaa zaidi, kwa kuwa chotara ni ghali na hulazimu kununuliwa upya kila msimu.