Kromosomu za jinsi: nani huteua katika “uteuzi asilia”?

kromosomu nm [i-/zi-] Uzi ulio ndani ya kiini cha seli, ubebao jeni: *kromosomu hii, kromosomu hizi*. Kromosomu za jinsi ni jozi inayoamua kiumbe atakuwa wa kike au wa kiume. Kwa binadamu, XX ni wa kike na XY ni wa kiume; kwa ndege, jike ndiye mwenye mbili zisizofanana, ZW. Hapa *jinsi* hufaa kuliko *jinsia*, neno ambalo wanasayansi ya jamii hulitumia kwa majukumu ya kijamii, ingawa vitabu vingi huyachanganya.

Ugumu kwa mfasiri, hata hivyo, haumo katika nomino bali katika kitenzi. *Teua* humtaka mtenda mwenye nia, ilhali uteuzi asilia hauna mteuzi: wenye jeni fulani huacha wazao wengi kuliko wenzao, nayo jeni ikaenea.

X na Y zilianza kama jozi ya kawaida, zikilingana. Mojawapo ikapata jeni ya kuamua udume. Kwa binadamu jeni hiyo, SRY, ilitambuliwa mwaka 1990. Kwa maelezo yaliyozoeleka, jirani yake zikadumu jeni zinazowafaa madume na kuwadhuru majike. Gapi, samaki mdogo wa mito ya Trinidad, ni mfano: baadhi ya jeni za rangi zing’aazo zimo katika Y, na dume humrithisha mwanawe dume. Rangi hizo huwavutia majike, lakini pia humfichua mwenye nazo kwa adui. Y isipobadilishana vipande na X, majike huepushwa na hatari hiyo. Hivyo utengano ukaenea.

Utengano huo una gharama. Y hurithiwa nzima, jema na baya pamoja, na jeni mbovu haiwezi kuondolewa bila jirani yake nzuri kuondoka nayo. Kasoro zikalimbikizana, jeni nyingi zikapotea. Kwa hiyo sentensi “\*Y iliteuliwa ipungue” hupindua maana: Y ilipungua kwa kuwa uteuzi ulidhoofika. Afadhali kuandika: “uteuzi ulishindwa kuzuia kupungua kwa Y.”

X imesalimika kwa sababu ndani ya jike hukutana na X mwenzake, zikabadilishana vipande. Ndani ya dume huwa peke yake, na jeni fichika haina pa kujificha; ndiyo maana upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata zaidi wanaume.